Haidrojeni ya Mbali na Kuku wa Wakwe

Wakwe kutoka Kanduyi walikuwa njiani kuja mtaani kwetu Tuwan kuona boma langu kwa mara ya kwanza, kabla ya kukubali kijana wangu amuoe binti yao Joy. Mke wangu Nakhumicha alienda kuwapokea stendi, akaniachia kazi moja tu: kulinda sufuria ya kuku. Kuku alibaki motoni, mimi nikabaki kwenye benchi ya Mukhisa, fundi wa welding, nikisoma gazeti. Mtu aliyeacha shule darasa la saba halafu akaitwa Profesa, gazeti halimpiti.

"Sikizeni," nikasema. "Wanasayansi wameona wingu kubwa ya haidrojeni, mbali ajabu, kwa galaksi za zile siku ulimwengu ulikuwa mtoto. Ukichambua mwanga, haidrojeni huacha mstari ya rangi yake. Sasa huu mstari ni mkali kushinda nyota zenye zinaonekana hapo. Ati hawajui ni nini inawasha hiyo gesi."

"Si wangeniuliza!" Mukhisa, tunayemwita Gesi, akavua miwani yake nyeusi. "Kuna nyota zingine zimejificha nyuma ya vumbi."

"Wapi, bana!" akadakia Kipsang, muuza mbegu za mahindi, jina la kijiweni Haibridi. "Hiyo ni gesi inaangukia galaksi. Kitu ikianguka inapata moto. Wewe si ulianguka na baiskeli Kipsongo, magoti ikachomeka?"

"Na iliwaka taa?"

Tukiwa hapo, moshi mweusi ukapanda nyuma ya nyumba za mtaani. Sote tukageuka kuuchambua.

"Tairi hiyo," akasema Gesi. "Moshi ya tairi naijua."

"Zii," Haibridi akakataa. "Mtu anachoma mabua ya mahindi."

Nikakohoa kisomi. "Msikimbilie jibu. Mwanga huchelewa kufika. Hiyo mnaona ni ya zamani. Saa hii mwenye nyumba ashazima, anakunywa chai."

"Huyu jamaa amesoma!" Haibridi akanipa tano, nami nikavimba kichwa. Hata harufu ya kuku aliyeungua ilipotufikia, nilisema kuna jirani hajui kupika.

Mara akatokea mzee mmoja wa suti, amelowa hadi kifuani, uso umejaa masizi, ndoo mkononi. Nyuma yake alikuwa Nakhumicha.

"Vijana, saidieni," akasema akihema. "Jiko la wakwe zetu limeungua. Tumezima, lakini baba ya kijana hatumwoni. Naogopa alichomeka ndani."

Nakhumicha akaniangalia mimi, akaangalia gazeti, akaniangalia tena.

"Usijali, Baba Joy," akasema polepole. "Baba ya kijana alisafiri. Huyu ni fundi tu wa hapa."

Nikachukua miwani nyeusi ya Gesi, nikaivaa, nikainama kuchomelea geti ambalo halikuwa na shida yoyote.