Mama Mkwe Apima Filamu

Jumatatu, 3 Juni
Ndiyo, ni mimi niliyeandika "Familia Yote" kwenye mabango yote ya kibanda changu cha video. Nani mwingine? Nilimjibu hivyohivyo mama wa Bodi ya Filamu. Akauliza umri wa watazamaji naupima kwa kipimo gani. Nikasema kwa uzoefu. Hakucheka. Filamu zote zipite bodini, la sivyo Jumamosi anapiga kufuli. Na kibanda ndicho kinachotulisha!

Jumanne, 4 Juni
Nimekwenda ofisini kwao kuchungulia. Nilidhani kuna mashine: unatia filamu huku, umri unatokea kule. Wapi! Watu watano, viti, kalamu. Wanahesabu ngumi, damu, matusi. Halafu wanaulizana: mtoto akitoka hapa, ataiga nini nyumbani? Swali tamu! Limenikaa kichwani mpaka nikapitiliza kwangu. Na wanalipwa kutazama! Shule niliiacha mapema mno.
Foleni yao wiki tatu. Basi naunda bodi yangu.

Jumatano, 5 Juni
Bodi imekaa: mimi, mke wangu, kinyozi jirani, na mama mkwe, mwenyekiti.
Filamu ya kwanza, mapenzi. Lilipofika busu, mama mkwe akatazama dari. Mimi nikatafuta kiatu chini ya benchi, nacho nimekivaa. Kinyozi akakohoa. Mke akakumbuka sufuria. Busu refu hilo! Hakuna aliyeliona, basi halimo. Familia Yote.
Ya pili, vita. Wamekufa arobaini. Mama mkwe anatafuna karanga, anamfokea shujaa kwamba analenga kama kipofu. Familia Yote.
Ya tatu, katuni. Kifaranga kapotelewa na mama yake. Mama mkwe kalia mpaka jioni. Miaka kumi na minane!

Jumamosi, 8 Juni
Mama wa bodi kasoma mabango. Akauliza kwa nini kifaranga ni cha watu wazima. Mama mkwe akamuuliza, "Mwanangu, we umekitazama mpaka mwisho?" Mama wa bodi akacheka mpaka miwani ikaanguka. Nikajua nimepona. Akaiokota, akapiga kufuli.
Mke kasema si ningepanga foleni kama wenzangu.

Jumapili, 9 Juni
Kosa nimeliona. Muhuri! Bodi gani haina muhuri? Nauchonga sasa hivi kwenye soli ya kandambili.
Nawe unayechungulia daftari la watu, tufanye biashara. Lete filamu, lete na mkweo, akae na wangu benchi moja. Wakitazama dari, hakuna aliyeona. Wasipotazama, hakuna ubaya. Vyovyote, nakugongea Familia Yote. Na kandambili ya pili ipo: ukitaka kufungua tawi kwenu, chukua.