Kingamwili kwa Kiwanja Kizima

Jumatatu, 3 Juni
Mabaka ya njano golini! Makubwa kama sinia. Na Ijumaa mwenyekiti wa klabu anakuja kuchagua fainali ichezwe wapi: hapa kwangu au kwenye kiwanja cha shemeji. Shemeji! Kaka wa mke wangu, mtunza nyasi mwenzangu, anayezichana nyasi zake kuliko ndevu zake. Mwenyekiti kasema nikivurunda, narudi kufagia vyumba vya kubadilishia nguo. Sirudi ng'o.

Jumanne, 4 Juni
Kaja bibi shamba na kiboksi. Akasaga jani, akalidondoshea maji ya kichupa, akachovya kijiti. Mistari miwili: fangasi wapo. Kaeleza weee, kuhusu kingamwili zilizomo kijitini, zinavyowanasa fangasi hata kabla jicho halijaona kitu. Kaniachia boksi zima nipime kila kona, ndipo alete dawa. Mengine sikuyasikia. Kinga! Mwili! Dawa ya nini tena?

Jumatano, 5 Juni
Nimetumbukiza vijiti vyote na vichupa vyote kwenye ndoo, nimekoroga, nimemwagia golini. Nyasi zimechangamka, naapa! Mke wangu kasema ni umande. Ukoo mzima una wivu. Kisha nimeenda kumtambia shemeji. Nimetembea golini kwake na buti zangu zilezile, taratibu, kama mwenye mali.

Ijumaa, 7 Juni
Balaa! Mabaka yamefika katikati ya kiwanja. Bibi shamba kaulizia vijiti, nikamwonyesha ndoo. Kacheka mpaka kashika nguzo ya goli. Kumbe kingamwili za boksi zinapima tu, hazitibu chochote! Na shemeji, mnafiki yule, kaachiwa boksi lake naye, kapima kwake: mistari miwili, palepale nilipotembea. Kapulizia dawa mapema, nyasi zake hazina hata doa. Fainali kapewa yeye. Mke wangu kapiga vigelegele. Nimeumia, sifichi. Mwenyekiti kanipa mpaka Jumatatu nyasi zipone, la sivyo ufagio.

Jumapili, 9 Juni
Nimeokoka! Safari hii sikubahatisha, nimesoma maandishi kwanza. Stoo kuna galoni kubwa: DAWA YA NYASI. Wazi kabisa! Mtunza stoo anasema huwa wanainyunyizia ile njia ya changarawe. Wajinga hao! Kule hakuna nyasi hata moja, wanaharibu dawa bure. Nimemwaga galoni lote, goli mpaka goli.