Firigisi ya Ambuya Chihera

Jumapili, 6 Agosti

Firigisi kapewa Nhamo. Tena!

Niandike kwa utaratibu. Siku Askofu anatutuma huku Buhera alituagiza kwamba kila sikitiko dogo la utumishi liandikwe, kisha litazamwe kwa jicho la mbinguni, nalo litapungua. Haya. Sikitiko ni hili. Tunakaa kwa bibi mjane, Ambuya Chihera, nguzo ya kanisa, mpishi asiye na mfano. Kila Jumapili anachinja kuku. Wainjilisti tuko wawili, mimi Taurai na mwenzangu Nhamo, na kuku ana firigisi moja. Anayehubiri ni mimi. Anayepiga ngoma ni mimi. Aliyeifufua redio ya Ambuya ni mimi! Nhamo kazi yake kutabasamu. Leo sahani ikafunuliwa: mimi shingo, yeye firigisi. Watu wa hapa huiita kisahaulisha-ndugu, na kweli Nhamo alinisahau papo hapo. Hata kunitupia jicho hakunitupia.

Kwa jicho la mbinguni: firigisi ni nyama tu. Itapita.

Bado inaniuma.

Jumanne, 8 Agosti

Wala si uroho. Askofu anakuja tarehe ishirini. Mmoja wetu atabaki hapa, penye nyumba ya matofali, kisima cha pampu na sufuria za Ambuya. Mwingine anahamishiwa Binga, kwenye joto na mbung'o. Na Askofu hakati shauri bila kumuuliza mwenye nyumba. Kwa hiyo anayepewa firigisi ndiye aliye moyoni mwa Ambuya. Mtoto mdogo anaelewa hilo.

Mpango: sifa. Nimeusifu ugali wake wa sadza. Nimesifu majani ya kunde kwa karanga. Nimesifu na mwiko. Ambuya alicheka, akasema nina mdomo mtamu kama muuza vitenge, akaniongezea majani ya kunde.

Jumapili, 13 Agosti

Mpango wa mfungo. Ijumaa nilitangaza kwamba nafunga kwa ajili ya kijiji. Nilijua mama yeyote akimwona mtumishi wa Mungu amesinyaa, atamfuturisha kwa kipande bora. Ambuya aliguswa sana. Alitoa machozi! Akasema mtu wa Mungu asitiwe majaribuni, akaichukua sahani yangu na kuipeleka kwa jirani.

Nikakaa mlangoni na Zaburi, nikinusa. Nhamo aliila firigisi polepole, kafumba macho. Kafumba macho! Mtu anaringa mpaka na kope.

Funzo la kiroho: usifunge Jumapili.

Jumatatu, 14 Agosti

Siri nimeipata! Kisimani kina mama walinicheka kwa kutojua. Nhamo ni wa ukoo wa Mhofu, na Ambuya ni binti wa Mhofu. Basi mwanamume yeyote wa Mhofu, hata aliyeachishwa ziwa jana, kwake ni baba. Ndiyo maana anamwita Baba! Nilidhani ni heshima ya kanisa. Na baba harukwi mezani. Mimi wa ukoo wa Shumba ni mgeni tu, wa kupewa shingo na kuagwa.

Lakini Mungu hamtupi mja wake. Kaka yangu Zivanai anamchumbia binti wa Mhofu kule Chivhu. Basi Ambuya, mzee wa Mhofu, ni mkwe wake, na mkwe wa ndugu yako ni mkwe wako. Mkwe! Mama mkwe gani anamnyima mkwewe firigisi?

Wakati wa chakula nikatamka kwamba kaka yangu kaoa kwa Mhofu. (Hajaoa. Binti bado anafikiria. Mimi nimetangulia kwa imani.) Ambuya akapiga vigelegele hadi mbuzi wakatawanyika. Akaniuliza, "Mkwe wangu! Na muda wote huu umekaa kimya kama mwizi?" Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ushindi!

Jumatano, 16 Agosti

Ukwe una mambo yake ambayo sikuyawaza vizuri.

Mkwe haketi kitini mbele ya baba mkwe. Na baba mkwe ni nani? Nhamo! Maana aliye baba wa Ambuya ni baba wa mabinti wote wa Mhofu. Asubuhi nilichuchumaa na kupiga makofi ndipo nikamwomba chumvi. Akaniambia, "Simama bwana, Taurai, unanitia haya." Ambuya akamkemea: Baba usimdekeze mkwe, ataota pembe.

Tena mkwe hupasua kuni. Mkwe huchota maji. Kuna kibanda cha jikoni ambacho paa lake limekuwa likimngoja mkwe tangu marehemu mume wake yu hai. Nyasi zimekwisha katwa. Niliuliza, kwa adabu, habari za kuku. Ambuya akasema kuku wa mkwe yupo, tena mnono, ila huliwa kazi ikiisha. Mchumia juani hulia kivulini.

Kwa jicho la mbinguni: hata Yakobo alifanya kazi kwa mkwewe. Na yeye alidanganywa! Mimi angalau nimedanganya mwenyewe.

Jumapili, 20 Agosti

Siku kuu. Lazima niandike.

Askofu kaja. Kijiji kikachinja ng'ombe. Ng'ombe huchunwa na nani? Na mkwe. Mahubiri niliyoyaandaa wiki nzima ikabidi ayatoe Nhamo, maana mimi nilikuwa ndani ya ng'ombe hadi viwiko. Nilimsikia kupitia moshi. Alisema maneno machache, watu wakalia. Uvivu, lakini wenye bahati.

Kisha Askofu akamuuliza Ambuya, mbele ya watu wote, amwachie yupi. Nilikuwa nimesimama nyuma na ndoo ya maji kichwani. Binga niliiona hivi hivi, na mbung'o wake wakinisubiri. Ambuya akasimama, akakung'uta sketi. Akasema Baba Nhamo ni dhahabu, wala hana neno naye. "Ila Baba Askofu, na wewe! Wapi uliona mkwe akafukuzwa paa limefika nusu? Huyu simwachii mtu."

Watu wakaangua kicheko. Vigelegele! Askofu akacheka mpaka akavua miwani. NIMEBAKI! Nhamo anakwenda Binga. Nimeshinda nikiwa na damu mikononi na jivu usoni, kama Waisraeli wa zamani. Nilicheza ngoma na ndoo kichwani, ikamwagika yote, nikaenda kuchota tena nikiimba.

Jumatatu, 21 Agosti

Nhamo kaondoka. Begi lake nilibeba mimi, kama mkwe. Tukingoja basi akaniuliza hasa ni nini nilichokuwa nakitafuta kwa Ambuya, maana hakuwahi kuona mtu akipasua kuni kwa hasira vile. Mshindi huwa mkarimu. Nikamweleza habari ya firigisi.

Akacheka hadi akaketi juu ya begi. Akasema firigisi haipendi tangu utotoni. Inamtia kichefuchefu. Kila Jumapili aliimeza kafumba macho, akiomba kimoyomoyo isirudi, ili asimvunjie Ambuya heshima. "Si ungeniomba tu, ndugu yangu? Ningekupa zote. Tena ningekushukuru."

Nilitaka kumwambia kwamba nyumba itakuwa kimya bila yeye, na kwamba mahubiri yake yalikuwa mazuri. Yalikuwa mazuri sana. Badala yake nikamwambia ajihadhari na mbung'o. Akanikumbatia, basi likaja.

Nimeyatafakari hayo njia nzima kwa jicho la mbinguni, na sasa naona wazi. Anadanganya. Hakuna binadamu asiyependa firigisi. Sizitaki mbichi hizi!

Jumapili, 27 Agosti

Paa limekwisha. Kuku wa mkwe kachinjwa!

Ambuya aliitwa kwa mgonjwa, akaniachia kuku na sufuria, akasema mwanamume aliyeezeka jiko hashindwi kulitumia. Nilimpika vizuri. Ila hakuna aliyewahi kuniambia kwamba firigisi hupasuliwa, ikatolewa ngozi ya ndani na kila kilichomo. Mimi niliipika kama ilivyozaliwa.

Ambuya akarudi na majirani. Sahani ikafunuliwa. Firigisi, mbele yangu, nzima! Nikaitia mdomoni yote kwa mara moja. Mchanga. Kokoto. Kitu kilichowahi kuwa kifungo. Jino la nyuma likalia kah! Ambuya akauliza kama ni tamu. Nikasema sijawahi kula kitu kama hiki maishani, na hapo sikusema uongo.

Niliila yote. Polepole, nimefumba macho.

Ushindi mkubwa kuliko wote!

Jioni mwenzangu mpya kafika. Kijana mpole, wa ukoo wa Shumba kama mimi, kwa hiyo upande wa firigisi sina wasiwasi naye. Ila Ambuya kampa kiti cha mikono, kile cha marehemu, ambacho mimi sijaruhusiwa hata kukifuta vumbi. Kaketi humo jioni nzima. Akitabasamu.

Kwa jicho la mbinguni: kiti ni mbao tu. Itapita.

Kesho nitatangaza kwamba mgongo unaniuma.