Fotei Sita za Mama Nyiramana

Siku ya kwanza (jumatatu), tarehe 6 mwezi wa saba

Nimepata kazi! Fotei sita, viti vya kuegemea vya wageni! Mama Nyiramana, mwenye nyumba zote za upande wa barabara hapa Kirolirwe, alikuja yeye mwenyewe mpaka kwenye atelie yangu, huku nyuma ya mashini ya kusaga. Siku ya posho, ndiyo jumamosi, wanakuja kuposa binti yake Benita. Baba ya kijana, Mzee Nizeyimana, iko muntu wa kuangalia kila kitu. Kwa hiyo anataka fotei ambazo muntu akiikala hataki tena kusimama.

Halafu akasema (karibu nianguke) kama kazi itakuwa nzuri, ule mulango wake wa barabarani, chumba cha biashara kisicho na muntu tangu Pasaka, atanipa mimi nifungue atelie. Mimi, Evode! Si Raphaël!

Raphaël njo ule seremala mwingine. Anapima mbao mara mbili kama haamini macho yake. Watu wanamupenda. Sijui juu ya nini.

Bibi yangu Consolée alisema nifanye tu vile nimeambiwa. Nikamuuliza kama ananiona mutoto.

Siku ya pili, tarehe 7

Eponji ya kujaza fotei imefika! Mama Nyiramana aliagiza ya kweli, kutoka Goma, kwa kamio ya mizigo ya Papa Mbusa wa duka. Ya manjano, nene, inarudi yenyewe ukiminya. Nililala juu yake kidogo, kupima tu. Nikaamuka saa nane ya muchana.

Ayi! Miaka kumi na moja tangu tuoane na Consolée tunalala juu ya kitu ambacho hata kuku alikikataa. Nikafikiri: mugeni anaikala juu ya fotei saa mbili, anaenda kwake. Mimi nalala kila usiku wa Mungu. Sasa kati yetu, nani anahitaji eponji?

Siku ya tatu, tarehe 8

Kazi safi. Ndani nimeweka majani makavu ya malisho ya juu, yenye harufu nzuri kabisa, na maganda ya maharagi. Ili yasitawanyike nimeyafunga ndani ya mifuko mitupu ya chumvi ya ng'ombe. Papa Mbusa alinipa bure. Juu yake kitambaa cha maua mekundu. Nani ataona?

Mbao iko libuyu ya kweli ya Walikale. Kwa mbao mimi sidanganyi. Ila miguu ya nyuma, hiyo iko kalitusi ya bei ndogo, nimepaka verni. Miguu ya nyuma inaangaliana na ukuta.

Mama Nyiramana alipita, akaminya moja, akauliza mbona inalia. Nikamuambia eponji mupya ya Goma inalia mwezi wa kwanza. Akaamini! Hata mimi nilishangaa.

Siku ya tano, tarehe 10

Nimelala kama waziri. Consolée aliuliza hii matela imetoka wapi. Nikasema ni mabaki. Akaitazama, akanitazama, akachukua mukeka wake. Sasa analala chini. Mwanamuke wa ajabu!

Tulipeleka fotei. Raphaël alikuwa njiani, akainamisha pua, akauliza kama siku hizi nafuga mbuzi. Wivu mutupu.

Mama Nyiramana alipoziona alitoa machozi. Alinionyesha ufunguo wa mulango, umefungwa na uzi mwekundu, akaurudisha kwenye kitenge. Kesho, alisema, wageni wakiisha kwenda.

Siku ya posho, tarehe 11

Mungu wangu! Mungu wangu!

Fotei ziliwekwa inje, kwenye kiwanja! Wageni walikuwa wengi, nyumba haikutosha. Hakuna aliyeniambia! Na ng'ombe tano za mahari, wakazifunga kwenye uzio, nyuma kabisa ya fotei, ili kila muntu azione vizuri.

Mzee Nizeyimana aliikala ya katikati. Akasema hapa kweli munajua kukaribisha muntu. Mama Nyiramana akanitafuta kwa macho, akacheka. Nilishaona jina langu juu ya mulango, kwa rangi ya bluu.

Halafu ng'ombe moja ya kahawia ikalamba mugongo wa fotei hiyo ya Mzee. Nikasema, inapenda verni. Ikalamba tena. Na tena. Chumvi! Yesu Maria, ile mifuko ya chumvi!

Nikapunga mukono kwa wachungaji waikamate. Wakafikiri nawasalimia, nao wakanipungia. Kitambaa kikapasuka, ng'ombe ikavuta majani mudomo mzima. Zile zingine zikaona, zikaja. Mzee alikuwa anasema juu ya jamaa mbili kuwa kitu kimoja, huku anashuka, anashuka, polepole, na hakuna aliyefahamu juu ya nini.

Kisha mguu wa nyuma: PAA! Wageni wawili walikwisha kulala chini, mikono kichwani, vile kila muntu wa huku anajua kufanya akisikia risasi. Mzee alikuwa chali, suti imejaa maganda ya maharagi, na ng'ombe juu yake inatafuna bila haraka.

Bibi mumoja muzee akauliza ni nani anaikalisha wageni juu ya chakula cha ng'ombe. Wote wakamugeukia Mama Nyiramana. Alikauka pale aliposimama. Benita akafunika uso.

Hapo nilisikia haya, kweli niliisikia. Nikasema lazima niseme. Nikafungua mudomo. Nikasema ni Raphaël.

Raphaël alikuwa pale! Ameikala na wageni! Kabla hajasema neno, Consolée akasimama katikati ya wanawake, akasema: "Eponji iko kwetu, kwa kitanda ya bwana yangu. Mukuje muone." Bibi yangu! Mbele ya watu!

Mzee Nizeyimana alianza kucheka pale chini. Alicheka mpaka akashindwa kusimama. Akasema hajawahi kuona nyumba inayokaribisha mpaka ng'ombe ya mahari kwenye fotei za salon, na asiyemuchukua binti wa hapa ni mujinga. Posa ikapita! Yaani ukiangalia vizuri, ni mimi nimeozesha Benita. Nilimuambia Mama Nyiramana hivyo. Hakucheka. Alisema kesho baada ya misa nimuletee eponji yake, kwa kichwa changu mwenyewe.

Siku ya Mungu, tarehe 12

Nilibeba. Watu ndio wanatoka kanisani. Mama mumoja aliona matela kichwani mwangu, kama ya mukimbizi, akaanguka magoti, akauliza vita vinatokea upande gani. Nikamuambia hakuna vita, ni mambo ya fotei. Hakungojea. Alikuwa anakusanya sufuria.

Nikaharakisha ili aibu iishe. Kosa! Waliona nakimbia, nao wakakimbia! Nilipogeuka nyuma, njia nzima imejaa matela, mbuzi, batoto mugongoni. Nikapiga kelele warudi. Hakuna aliyerudi. Tulifika kwa Mama Nyiramana watu zaidi ya mia, naye alikuwa mulangoni, amekwisha kufunga kitenge cha safari.

Walipofahamu, hakuna aliyecheka. Muzee mumoja aliikala chini na kulia tu. Waliniangalia vile sijawahi kuangaliwa. Mama Nyiramana alitoa ufunguo wenye uzi mwekundu, akamuwekea Raphaël mukononi. Raphaël atajaza zile fotei upya, na ataacha upande mumoja bila kushona, ili mwenye mali aingize mukono ndani mwenyewe.

Siku ya kwanza, tarehe 13

Nimelala juu ya majani yaliyoachwa na ng'ombe. Consolée hanisemeshi. Nimefikiri sana na nimeona kosa langu waziwazi.

Kosa lilikuwa majani. Ng'ombe inakula majani! Hata mutoto anajua. Lakini manyoya ya kuku, ni ng'ombe gani inakula manyoya ya kuku?

Padri mupya amefika jana usiku kutoka Walikale, hajasikia kitu. Askofu anakuja mwezi ujao, na Padri anataka kiti kikubwa cha kumuikalisha. Ameniletea eponji yeye mwenyewe, leo asubui. Ya bluu, nene kuliko ile ya kwanza.

Nimelala juu yake kidogo. Kupima tu.