Ayala wa Sauti Mbovu wa Bonde la Kinu

Jumanne, 10 Septemba

Kura imepigwa. Msimu huu chama chetu cha wawindaji kina kibali cha kupiga ayala mmoja, yule kulungu mkubwa wa misitu yetu, dume mzee. Jina la kwanza kutoka kwenye kofia: Vendel, daktari wa mifugo, ambaye kuta zake hazina tena pa kutundika pembe. La pili: langu. Vendel asipopiga hadi Jumapili, kibali kinakuja kwangu.

Miaka ishirini na tatu chamani. Sijapiga ayala hata mmoja. Sebuleni kuna msumari nilioupigilia mwaka wa kwanza, mtupu hadi leo. Mke wangu Etelka amesema mngurumo, msimu wa madume kuita majike, ukiisha bila pembe, anatundika picha ya mama yake. Amesema kwa upole. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nimemwandikia katibu kurasa tatu juu ya kura na udhalimu. Amesoma mstari wa kwanza, akageuza karatasi, akaandika orodha ya soseji za sherehe.

Alhamisi, 12 Septemba

Nimepata njia. Dume akisikia dume mkubwa zaidi ananguruma karibu, hukusanya majike yake na kuhama. Basi atahamishwa, mbali na dungu la Vendel, jukwaa lake la kuvizia.

Wazee wetu walingurumia ndani ya kioo cha taa ya mafuta. Nimechukua cha taa ya mama mkwe, kabatini, bila kuuliza. Nimefanya mazoezi kwenye banda la kuni. Etelka akaja kuuliza kama tumbo limenikamata tena. Jirani akaja na kamba, akiuliza ng'ombe yuko wapi na ndama ametokeza miguu au kichwa.

Inatia moyo. Sauti inashawishi.

Ijumaa, 13 Septemba

Alfajiri, Bonde la Kinu. Nimelala kwenye miiba, Vendel juu ya dungu lake, umbali wa mita mia tatu. Dume wa kweli alinguruma upande wa mwaloni. Nikajibu. Akanyamaza. Nikajibu tena, kwa hasira ya miaka ishirini na tatu, na nikasikia kwato za kundi zima zikipanda mlima kuelekea upande wa pili.

Suruali imechanika mahali pabaya. Koo linawaka. Siku njema kuliko zote tangu nistaafu. Kesho na keshokutwa narudi tena.

Jumapili, 15 Septemba

Vendel hakupiga. Kibali ni changu. Na nimekwisha.

Baada ya misa tulikaa kilabuni. Vendel akasimulia kwamba hakuona hata unyoya, ila siku tatu mfululizo amesikia dume asiyemjua. Sauti mbovu, akasema, kama mlango wa ghala. Lőrinc, bwana nyama wetu, mlinzi wa wanyamapori, kijana asiyecheka ovyo, akasema naye kamsikia. Mapafu yameoza, meno hayapo, majike wanamkimbia, theluji ya kwanza itamuua.

Nikasema sauti ile ina nguvu na heshima. Nikapiga meza. Vendel akauliza, "Kálmán, kwani ni ndugu yako?" Kilabu kizima kikacheka.

Kamati ikakaa palepale. Vendel akatoa ushauri wa kitabibu: mnyama huyo anateseka, aondolewe yeye na si mwingine. Kibali kikaandikwa upya: dume wa sauti mbovu, Bonde la Kinu, huyo tu. Nikapigiwa makofi.

Nina ruhusa iliyopigwa muhuri ya kujipiga risasi mwenyewe.

Jumanne, 17 Septemba

Dungu, mimi na Lőrinc. Ndiyo desturi: bwana nyama anakaa kando yako, anamtazama mnyama kwa darubini, na mpaka aseme ndiyo, kidole chako ni pambo.

Saa kumi na mbili na nusu alitoka dume wa kweli. Hatua arobaini. Pembe matawi kumi na manne, shingo kama pipa, mvuke ukimtoka puani. Nikainua bunduki. Lőrinc akaweka mkono juu ya mtutu.

"Si huyu, mzee. Huyu ana miaka minane, ndiyo kwanza anakua. Wetu ni yule wa kifua."

Tukamsubiri wa kifua. Kwa saa mbili nzima. Alikuwa kimya kabisa, maana mdomo wake ulikuwa umejaa mkate wa mafuta na kitunguu.

Alhamisi, 19 Septemba

Mpango wa pili. Sauti mbovu ikisikika kutoka kichakani, kisha dume mkubwa atoke kichaka hichohicho, Lőrinc ataamini ni mmoja. Nikamwambia tumbo linaniuma, nikashuka, nikazunguka kwenye miiba, nikanguruma mara nne. Dume akanijibu kwa karibu mno. Nikakimbia. Nikaanguka. Kioo cha mama mkwe kikavunjika.

Nilirudi juu nikihema. Lőrinc alikuwa na furaha nisiyowahi kuiona: kasikika! Kisha akanitazama kwa huruma. "Mzee, usinielewe vibaya. Kila ukishuka ananguruma, ukipanda ananyamaza. Nadhani ni harufu yako."

Nimeoga mara mbili. Etelka ameuliza kioo cha taa kiko wapi. Nikasema labda panya.

Ijumaa, 20 Septemba

Sikwenda, goti limevimba. Lőrinc kapita kuniangalia. Amesema ameokota vipande vya kioo kwenye miiba, vyembamba, vya zamani. Akanitazama. Nikamtazama. Nikasema watu wanatupa takataka popote siku hizi, nchi imeharibika. Akasema kweli kabisa, mzee, akaenda moja kwa moja nyumbani kwa Vendel. Nilimwona dirishani. Walicheka hadi mbwa akabweka.

Sijui nini kiliwafurahisha. Vendel hana hata mzaha mmoja wa maana.

Jumamosi, 21 Septemba

Siku ya mwisho ya kibali. Niandike polepole.

Alfajiri dume mkubwa alitoka tena, ubavu wote wazi. Lőrinc akamwangalia muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kunitazama, kwamba Jumanne alikosea. Mgongo umebonyea, tumbo limeshuka, huyu ana miaka kumi na miwili. "Kibali nitakitengeneza mimi. Miaka ishirini na tatu inatosha. Mpige, mzee."

Nikalenga. Na hapohapo, kutoka kwenye miiba yangu mwenyewe, ikaja ile sauti. Mlango wa ghala. Mapafu yaliyooza. Sauti mbovu.

Lőrinc akanong'ona nisisikilize, nipige. Alionekana kutaka kulia. Lakini mimi nilikuwa hapo juu ya dungu na kioo kimevunjika, sasa ni nani anayenguruma? Jibu ni moja. Yupo. Alikuwepo siku zote, na mimi nilikuwa namwiga bila kujua. Nikaishusha bunduki. Nikaanza kushuka. Lőrinc akaidaka bunduki na kuchomoa risasi kwa haraka ya ajabu, uso mweupe, akasema nikamwangalie kwa macho tu.

Kichakani sikukuta kitu, ila nyasi zilizolaliwa. Pana. Mnyama mzito sana.

Niliporudi, dume mkubwa alikuwa ameondoka. Lőrinc alinirudishia risasi tulipofika nyumbani tu.

Jumapili, 22 Septemba

Etelka ametundika picha. Mama mkwe ananitazama kama mtu anayejua kioo kiko wapi.

Kilabuni Vendel hana sauti kabisa. Anakunywa chai ya asali na kuonyesha kwa vidole. Mafua, maskini, na miiba imemkwaruza shingo, sijui ng'ombe gani kamburuta. Nilimsimulia kila kitu. Akalia machozi. Sikujua ana moyo namna hiyo.

Nimeiandikia kamati kurasa tano: kibali cha mwakani, dume wa sauti mbovu, Bonde la Kinu, kwa jina langu pekee. Vendel ametia saini kuwa shahidi. Nimeagiza kioo kipya. Msumari mwingine nimeupigilia leo, chini kidogo ya mama mkwe.