Nilivyodai Kiti cha Mnyamwezi

Leo nimeaibishwa kwa maandishi. Tena dole gumba nimetia mwenyewe.

Nisimulie mimi kabla hamjasikia ya bodaboda wa Dunda, maana wale wametia chumvi. (Sikulia. Rangi iliniingia machoni.)

Mnanijua, sikai mahali pamoja. Shule niliacha darasa la sita. Nimeponda kokoto Lugoba, nimefyeka majani kwenye magofu ya Kaole, na mwezi huu napaka rangi kwenye makumbusho madogo hapa Bagamoyo mjini. Lakini kupaka ukuta bila kujua ni wa kazi gani, hilo siliwezi. Nikamuuliza mkuu wa makumbusho, Bi Zuhura, mama wa mji mkongwe asiyepandisha sauti hata ukimkanyaga. Akanieleza: panakuja kiti. Kiti cha miguu mitatu cha mtemi mmoja wa Unyamwezi, kimechongwa kwa gogo moja. Zamani kilishuka na misafara mpaka hapa pwani, kikapakiwa melini, kikaishia kwenye makumbusho ya Ulaya. Sasa tunakiazima kwa miezi michache, watu wakione, kisha kirudi.

"Tunaazima kitu chetu wenyewe?" nikauliza.

"Shomari, paka rangi."

Sikutosheka. Nikasoma faili. (Lilikuwa mezani, wazi. Karibu wazi.) Kumbe wenye kiti huko Ulaya hawakitoi mpaka serikali yetu itoe kibali, kwamba kiti kikiwa hapa nchini hakuna atakayekikamata wala kukizuia kisirudi. Na kwenye fomu ya kibali pana swali moja zito: yupo mtu au jamii yoyote inayokidai? Akiwapo hata mmoja, kibali hakitoki. Bi Zuhura ameihangaikia karatasi hiyo tangu mwaka juzi, na leo ndiyo ilikuwa siku ya kusainiwa.

Kwa hiyo nilijua. Hilo lieleweke. Nilijua yote, kuliko fundi rangi yeyote wa pwani hii.

Saa nne wakaingia wageni wawili. Mmoja afisa wa serikali, Bwana Mihayo, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima. Wa pili mama wa Kizungu aliyetumwa na wenye kiti, Bi Ingrid, anayezungumza Kiswahili cha darasani, kila neno limepigwa pasi. Nikashuka ngazi, nikawaamkia.

"Marahaba," akasema Bwana Mihayo. "Kijana mtu wa wapi wewe?"

"Mzaramo, mzee."

Uso ukamchanua. "Mzaramo! Kashika kazi! Saa nne asubuhi! Bi Zuhura, huyu mmemwamsha na nini?"

Mnyamwezi huyo! Nikamjua papo hapo. "Na wewe mzee, umekuja na gari, au umelibeba kichwani toka Tabora?"

Akacheka mpaka akauegemea ukuta. (Ukuta mbichi. Kiganja chake bado kipo.)

Sasa nyinyi mnaelewa. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani atakusema mbele ya wakwe, atakunyang'anya kofia msibani, na huruhusiwi kununa. Sisi tunaelewa. Bi Ingrid alikuwa anafungua daftari.

Wakakagua chumba. Bi Ingrid akapima madirisha, akajaribu kufuli, akagonga kabati la kioo. Kila kitu safi. (Rangi aliisifia. Hilo bodaboda hawakuwaambia.) Mwisho Bwana Mihayo akatoa fomu, akasoma kwa sauti kama utaratibu unavyotaka:

"Je, yupo mtu au jamii yoyote inayokidai kifaa hiki?"

Kisha akanitupia jicho. Dogo tu. Mtu mwenye akili angegeukia ukuta.

"Yupo!" nikasema, mkono juu, burashi inadondosha. "Kiti ni cha kwetu! Babu yako alipofika hapa alionja dafu, akasahau kilichomleta, akamwachia babu yangu kiti! Kikitua tu nakichukua, nakiweka barazani kwangu Dunda. Ulaya hakirudi ng'o!"

Bwana Mihayo alicheka mpaka miwani ikamtoka. Mlinzi alicheka. Bi Zuhura hakucheka. Bi Ingrid alikuwa anaandika.

"Samahani, bwana," akaniuliza kwa upole. "Wewe unakidai kiti?"

"Kwa nguvu zangu zote, mama!"

"Majina yako kamili, tafadhali?"

Nikampa yote matatu. Nikampa na namba ya simu. (Nilidhani ananiweka kwenye kitabu.)

"Na ushahidi unao?"

"Upo! Katikati ya kiti pana bonde. Lile ni kalio la babu."

Akaandika na hilo. Wakaingia ofisini, mimi nikarudi juu ya ngazi nikipiga mluzi. Nilijiona nimewachangamsha wageni.

Baada ya nusu saa nikaitwa.

"Shomari mwanangu," akasema Bi Zuhura. Sauti ilikuwa chini kuliko siku zote, hapo ndipo nikaogopa. "Kiti hakiji."

"Kwa nini, mama?"

"Kimepata mdai."

"Nani huyo?"

Wote watatu wakanitazama.

Bwana Mihayo alikuwa amelowa jasho. Nusu saa nzima alikuwa akimweleza Bi Ingrid utani ni nini. Na Bi Ingrid alikuwa ameelewa vizuri tu. "Ni desturi nzuri sana," akasema. "Nimeipenda. Lakini nimeshaandika, na picha ya ukurasa nimeshaituma kwa simu kwenye makumbusho nyumbani." Karatasi iliyoandikwa haifutwi kwa maneno ya mdomo. Ilitakiwa mdai mwenyewe aondoe madai yake kwa maandishi, mbele ya mashahidi.

"Leteni," nikasema. "Nasaini sasa hivi." (Bado nilikuwa najiamini.)

"Polepole," akasema Bwana Mihayo. Akavua koti. Akaagiza soda. Nikaona tabasamu linamrudia taratibu. "Tamko nitaliandika mimi."

Aliandika ukurasa mzima. Alikuwa akisimama kidogo, anacheka peke yake, anaendelea. Mashahidi wakaitwa getini: mama muuza vitumbua na bodaboda wawili. Nikaambiwa nisimame nisome kwa sauti.

"'Mimi, Shomari Salum Kondo, Mzaramo, mwenye akili timamu kwa kiwango cha kwao...'"

Bi Zuhura akakohoa. "Bwana Mihayo!"

"Lugha ya sheria hiyo, mama. Soma, kijana."

"'...natamka kwamba kiti hiki si changu wala si cha babu yangu, na kalio la babu yangu halijawahi kukigusa. Natamka kwamba Wanyamwezi walipoingia Bagamoyo na mizigo, babu yangu alikuwa amelala. Alipoamka, aliuliza kama wali umeiva.'"

Mama vitumbua akakaa chini, kanga mdomoni. "Pandisha sauti baba, huku nyuma hatusikii!" Alikuwa mbele yangu kabisa.

Bi Ingrid akainua kalamu. "Samahani. Sehemu ya wali ni ya lazima?"

"Ya lazima sana," akajibu Bwana Mihayo, uso mkavu. "Bila wali mimi sisaini."

Nilitaka kugoma. Kweli kabisa. Nikamtazama Bi Zuhura, ameishika meza kwa mikono miwili, macho kwenye ile fomu, hapepesi. Nikasoma mpaka nukta ya mwisho. Nikasaini. Mtani akataka na dole gumba. Nikatia. Akasema halijatoka vizuri. Nikatia tena.

Ndipo akaivuta fomu. Mdai: hayupo. Saini. Muhuri, pu! Bi Zuhura akavuta kiti akakaa, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, na mpaka sasa sijui alikuwa analia au alikuwa ananicheka.

Kwa hiyo kiti kinakuja, jamani, na aliyekilipia kwa heshima yake ni mimi. Wanyamwezi mliomo humu kundini, chekeni mpaka mchoke, leo yenu. Ila Wazaramo wenzangu nawaomba mnyamaze kabisa. Sentensi ya mwisho ilisema nimesaini kwa niaba yenu nyote, pamoja na watakaozaliwa.