Halua ya Bure Uwanjani

Jumatatu, 13 Julai 1953
Mpiga mbiu kapita asubuhi. Maonyesho ya wilaya ni Jumamosi, uwanja wa mpira. Na kibanda cha mlangoni mwa soko kiko wazi! Liwali atampa muuza halua ambaye sinia lake litakwisha kwanza. Tuko wawili tu Bagamoyo nzima: mimi na Muhidini.

Furaha haikufika adhuhuri. Shemeji yangu Kibwana, kaka yake Ashatu mke wangu, kaleta salamu kutoka Mapinga. Nikikikosa kibanda, Jumapili anakuja kuichukua sufuria ya shaba ya marehemu baba yao. Eti imechoka kupikiwa hasara. Bila sufuria ile mimi si mpishi wa halua, ni mtu mwenye mwiko. Naogopa sana.

Jumanne, 14 Julai
Nafasi zimegawiwa kwa kura. Muhidini kapata langoni. Mimi nimepata kando ya zizi la ng'ombe wa maonyesho. Nimemwendea karani kulalamika. Kaniambia ng'ombe nao hawajafurahi.

Nimempitia Muhidini kumchungulia. Anafunga vipande vidogo vidogo kwenye majani makavu ya mgomba. Mteja ataonja kwa ncha ya kisu, akipenda atanunua. Ubahili ulioje! Kaniona dirishani, kanikaribisha kahawa. Ana lake jambo.

Jumatano, 15 Julai
Nimepata! Mkono mtupu haulambwi. Mimi nitawalisha kwanza, sahani nzima, na kahawa juu. Mtu aliyeshiba ataona haya kuondoka bila kununua.

Ashatu kasema watu wa hapa wakilishwa wananawa, wanaomba dua, wanakwenda zao. Akanisihi nifuate ncha ya kisu. Nimemjibu kwamba biashara haisomwi jikoni. Akaendelea kuchambua mchele.

Nimeazima mikeka kwa majirani, wateja wakae. Nimeazima chetezo na ubani, kuua harufu ya ng'ombe. Nimempata na mnadi: Mzee Mwinyimvua, msomaji wa hitma za marehemu. Sauti yake inafika Kaole.

Ijumaa, 17 Julai
Nimekoroga halua tangu alfajiri. Sukari ilikaribia kuungua mara mbili, na mara mbili roho ilinitoka.

Baada ya sala nimesimama mlangoni mwa msikiti, nikawaalika watu: kesho saa nne, uwanjani, waje wale kwangu. Mwitikio wa ajabu! Wameniitikia kwa upole, vichwa chini. Mzee mmoja kanishika mkono, kasema, "Mwenyezi Mungu akupe subira, mwanangu." Anajua biashara ilivyo ngumu.

Jumamosi, 18 Julai
Niandike kabla sijaishiwa nguvu.

Saa nne walifika. Wengi! Langoni kwa Muhidini walipita tu. Mimi nimevaa kanzu nyeupe, ubani unafuka, mikeka imetandikwa. Wakavua viatu, wakakaa safu mbili. Nikamwashiria Mzee Mwinyimvua aanze kuinadi halua. Akakohoa, akaanza kusoma Yasini. Watu wote wakamfuata.

Nikamvuta kanzu. Hakusikia. Wakasoma mpaka mwisho, wakaomba dua, wakala. Nikamwinamia mzee mmoja, nikamnong'oneza kwamba halua nyingine inauzwa. Akashtuka. Akasema tangu azaliwe hajaona mtu anauza chakula cha hitma ya watu wake. Kisha akauliza, kwa sauti, hitma yenyewe ni ya nani.

Na Liwali ndiyo kwanza anaingia, anakuja upande wetu! Ningesema si ya mtu, ningeonekana nawachezea wazee na dua zao, na mji huu hausahau. Nikataja jina nililolala nalo wiki nzima.

Nikasema ya shemeji yangu, Kibwana.

Liwali akavua viatu, akakaa. Akaagiza halua yote igawiwe waliofika. Muhidini akafunika sinia lake kwa heshima ya msiba, akaja kunipa pole, macho yamemlengalenga. Nikatazama sinia langu: tupu! Lake limejaa nusu! Mpiga mbiu alisema kwisha, hakusema kuuzwa. Karani alikuwa keshatoa kalamu.

Lori la nazi likasimama langoni. Akashuka mtu na gunia la kubebea sufuria. Alikuja siku moja kabla ili aone maonyesho.

Alipokewa vibaya. Mwanamke mmoja alipiga ukelele, Mzee Mwinyimvua akaanza kusoma upya. Kibwana akaja mpaka mkekani, akanisimamia. "Shemeji, nimekufa lini?"

Wazee waliinuka mmoja mmoja kutafuta viatu vyao. Liwali alivaa vyake, akaenda zake bila kunitazama, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Ashatu alijifunika uso kwa kanga. Nilidhani analia.

Jumapili, 19 Julai
Kibanda kapewa Muhidini. Sufuria imeondoka. Kibwana alishika mkono mmoja wa sufuria na Ashatu mwingine, wakaipandisha kwenye lori. Mafiga yamebaki matupu. Nimekaa nikiyatazama, nimelia, sioni haya kuandika.

Jioni Muhidini kaja. Kasema niende nipikie kwake, tusaidiane, sufuria yake ni kubwa. Ujanja mtupu! Nimekubali ili nimchunguze kwa karibu.

Ashatu kaniuliza kama sasa nimeelewa. Nimemwambia nimeelewa vizuri sana. Watu walikuja, walikaa, sinia lilikwisha. Hila ilikuwa safi, marehemu ndiye alikuwa wa karibu mno. Lori la Mapinga linafika hapa kabla kahawa haijapoa.

Oktoba kuna maonyesho Msata. Kule hawanijui. Nitafiwa na mtu wa Kilwa.